Gesi Haitafutwi kwa Kiberiti

Mwezi Juni unapoingia, baridi ya Iringa huwalazimisha watu kufunga madirisha mapema. Hapa Mlandege, baada ya sala ya magharibi, ukipita katika vichochoro vya nyuma ya soko utasikia mvumo wa majiko ya gesi mahali ambapo zamani ungekutana na moshi wa mkaa tu. Badiliko hilo ni jema, na sisi tulio katika Chama tumelihimiza kwa maneno na kwa vitendo. Makala hii, hata hivyo, inahusu jambo ambalo hatukulihimiza, na ambalo kwa maoni yangu tulipaswa kuanza nalo.

Jioni moja ya Julai 2024 mama mmoja anayepika chakula cha kuuza karibu na soko alinijia akiwa na wasiwasi. Akasema, "Ndugu Katibu, jikoni kwangu kunanuka gesi tangu mchana, na jiko nimelizima mwenyewe." Nikamwita balozi wa shina, tukafuatana. Tulipofika tulimkuta msaidizi wake, kijana wa miaka kama ishirini, ameinama juu ya mtungi na kijiti cha kiberiti mkononi. Alikuwa anajiandaa kukiwasha na kukipitisha taratibu kando ya mpira wa gesi, ili aone ni wapi patashika moto. Hakuwa mlevi wala mjinga. Ndivyo alivyomwona fundi mmoja akifanya, na fundi yule hakupatwa na neno siku ile. Balozi alimshika mkono kabla hajakwangua.

Mungu alijalia kwamba alikuwapo mtaani kijana wetu mmoja aliyezaliwa hapa Mlandege, ambaye ni fundi wa mabomba ya gesi asilia huko kusini na alikuja likizo kuwaona wazazi. Tulimtumia mtoto kumwita, naye akaja na kifaa chake cha kazi, kigunduzi cha gesi cha kushika mkononi, kisichozidi ukubwa wa redio ndogo, chenye shingo ndefu inayopindika na ncha yenye vitundu. Akamwamkia mama shikamoo, akatuomba sote tutoke nje na tusiguse swichi ya taa. Akakiwasha kifaa huko barabarani, akangoja. Kisha akaingia, akainua mkono, akakipitisha kifaa chini ya dari kutoka pembe moja hadi nyingine.

Kifaa hakikulia. Watu mlangoni wakaanza kupumua, na mmoja akasema huenda ni panya aliyefia chini ya gunia. Yule fundi alisimama kidogo akitazama dari, halafu akacheka kwa aibu. "Wazee wangu, nimekosea," akasema. "Nimeitafuta gesi ya Songo Songo, na hii ni ya mtungi." Akachuchumaa, akakishusha kifaa hadi sakafuni, nyuma ya magunia ya mchele. Hapo kikaanza kugonga polepole, kisha haraka, kisha kikapiga kelele ambayo sijaisahau mpaka leo.

Jiko la mama yule limeshuka ngazi mbili chini ya usawa wa barabara, kama yalivyo majiko mengi katika nyumba zetu za mteremkoni. Gesi ilikuwa ikivuja pale kirekebisha mgandamizo kinapokaa juu ya mtungi, kwa sababu kipete cha mpira cha ndani kilikuwa kimelika. Alizima jiko lakini hakufunga mtungi, kwa hiyo gesi iliendelea kutoka mchana kutwa, ikatambaa sakafuni na kutulia kama maji katika bakuli. Msaidizi wake alikuwa amechuchumaa ndani ya bakuli hilo na kiberiti mkononi.

Kosa la yule fundi ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa mtu aliyesomea kazi hiyo aliikosa gesi kwa dakika kadhaa kwa kukipeleka kifaa mahali pasipo pake. Je, sisi ambao hatukusoma? Wananchi wengi wanaamini kwamba gesi ya kwenye mtungi ndiyo ile ile ya Lindi na Mtwara. Sivyo. Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974 na huko Mnazi Bay mwaka 1982. Ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa kutoka Mtwara. Karibu yote ni methani, ambayo uzito wake ni kama nusu tu ya uzito wa hewa. Ikivuja ndani ya nyumba hupanda, na hujikusanya chini ya dari na katika mapaa. Gesi ya mtungi ni propani na butani, ambazo kwa sehemu kubwa huletwa nchini kwa meli. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, na butani karibu mara mbili. Hizo hushuka, na huingia katika mifereji, chini ya vitanda na katika mashimo ya choo. Bomba la gesi asilia halijafika Iringa, na kila jiko la gesi linalowaka Mlandege linawashwa na mtungi. Basi pua ya kifaa, na ya binadamu pia, ipelekwe chini kwanza.

Hatari yenyewe ina mipaka inayopimika. Propani haiwaki ikiwa chini ya sehemu 2 hivi katika kila sehemu 100 za hewa, wala haiwaki ikizidi kama 9 au 10. Methani huwaka kati ya 5 na 15. Chukua jiko la kawaida la mtaani kwetu, lenye urefu na upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu. Gesi isiyozidi sana kilo moja, ikichanganyika sawasawa na hewa ya chumba hicho, inatosha kukifikisha kwenye kiwango cha kulipuka. Mtungi mdogo kabisa tunaougawa una kilo 6. Na kwa kuwa gesi hiyo haichanganyiki sawasawa bali hutulia chini, sehemu ya karibu na sakafu hufikia kiwango hicho mapema zaidi, huku mtu aliyesimama akidhani hewa ni safi.

Kifaa cha kushika mkononi hupima sehemu ya safari ya kuelekea mpaka huo wa chini. Kikionyesha 10, maana yake gesi iliyopo imefikia sehemu moja ya kumi ya kiasi kinachohitajika ili chumba kishike moto. Vingi hupangwa kulia kati ya 10 na 20, ili mtu apate nafasi ya kutoka. Ndani ya aina moja iliyozoeleka mna vishanga viwili vidogo kuliko punje ya mtama, kila kimoja kina ndani yake waya wa platinamu unaopitisha umeme. Kishanga kimoja kimepakwa dawa inayoifanya gesi iungue juu yake bila mwali. Gesi ikigusa kishanga hicho hukipa joto, waya hubadilika katika kupitisha umeme, na tofauti kati ya vishanga viwili husomwa kuwa namba. Aina nyingine hutumia oksidi ya bati, ambayo hupitisha umeme zaidi inapokutana na gesi. Hiyo ilibuniwa na Mjapani Naoyoshi Taguchi, aliyeipatia hataza mwaka 1962, na kabla ya miaka ya 1960 kwisha ilikuwa ikitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya nyumba. Wajapani wa wakati huo walikuwa mahali tulipo sisi sasa: kaya nyingi zilikuwa zimehamia kwenye mtungi, na ajali zikawafuata jikoni.

Msomaji atauliza, na ni haki yake, kwa nini pua isitoshe? Gesi ya mtungi hutiwa dawa yenye uvundo kwa makusudi, na bila dawa hiyo karibu isingekuwa na harufu. Desturi hiyo ilipata nguvu ya sheria kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule moja ya New London, jimbo la Texas nchini Marekani, gesi asilia isiyo na harufu ilijikusanya chini ya sakafu, na cheche ya mashine ya umeme ikailipua. Walikufa karibu watu 300, wengi wao wanafunzi. Mwaka huo huo jimbo lile likaagiza kwamba gesi itiwe harufu. Hata hivyo pua ina udhaifu wake. Ikikaa katika harufu muda mrefu huizoea na kuacha kuisikia. Mwenye mafua hanusi, na wazee wetu wengi hupungukiwa na uwezo huo bila kujijua. Gesi ya bomba inayopenya udongoni inaweza kupotezwa harufu na udongo wenyewe kabla ya kutokea uvunguni mwa nyumba. Zaidi ya hayo, pua hukuambia ipo gesi; haikuambii ni kiasi gani, wala inatokea wapi. Mama wa Mlandege alinusa tangu mchana na bado alikuwa anakwenda kuletewa mwali.

Sasa namna ya kukitumia, kwa jinsi nilivyoelekezwa na yule fundi na kwa jinsi nilivyojifunza baadaye. Kifaa kiwashwe nje, penye hewa safi, kwa kuwa kikiwashwa jikoni penye gesi kinaweza kuichukulia hewa ile mbovu kuwa ndiyo sifuri yake, na tangu hapo kitadanganya. Kingojewe kipate joto. Mtu aingie akiwa amekitanguliza chini, na asiwe na haraka, maana hewa huchukua sekunde kadhaa kufika ndani na kusomwa; mwenye kukipeperusha huku na huko kama fimbo ya kufukuza kuku atalipita tundu bila kulijua. Namba inapopanda afuate upande inakopandia: kwenye kilemba cha mtungi, kwenye maungio ya mpira, kwenye vifundo vya jiko, kisha pembeni na kwenye mifereji. Ikifika 10 atoke na watu wote, aache milango wazi, asiwashe wala asizime taa, na simu aipigie nje, kwa namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Gesi ikiwa kidogo, na mtungi umefungwa, ndipo povu la sabuni linapoingia kazini. Kifaa huonyesha jirani ya tundu, na povu likipakwa hapo huonyesha tundu lenyewe kwa kutoa mapovu. Sabuni ya kipande na kikombe cha maji havikosekani katika nyumba yoyote, na laiti yule kijana angefundishwa hilo tu, kiberiti kingebaki mfukoni.

Hapa hapana budi nionye juu ya imani ya kupita kiasi. Kifaa hujua kile tu kilichotengenezewa. Wenzetu wa Rungwe wanajua kwamba kule kwao kaboni dayoksaidi hutoka ardhini yenyewe, na huko Kyejo huvunwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa vinywaji. Nayo ni nzito, hutulia mabondeni, na inaweza kumuua kiumbe kwa kumnyima hewa. Huko Goma, mashariki ya Kongo, mashimo yenye hewa hiyo huitwa mazuku. Lakini haiwaki, kwa hiyo kifaa cha vishanga nilichokieleza kitapita juu yake kimya kabisa. Wala kifaa hicho hakitegemewi kwa hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo katika miezi hii ya baridi ndiyo adui aliye karibu zaidi na vyumba vyetu vya kulala. Kigunduzi cha gesi ya kupikia si kinga dhidi ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani ili kuota moto. Chuoni tulipokuwa wadogo mwalimu alitufunza mapema kwamba moto hauachwi ukiwaka wakati wa kulala. Tulidhani ni adabu tu.

Kifaa chenyewe pia hudhoofika. Vishanga hulishwa sumu na vitu vya kawaida, kama mvuke wa silikoni iliyomo katika baadhi ya vilainishi na vipolishi, na baada ya hapo huonyesha sifuri hata penye gesi. Kwa sababu hiyo wanaofanya kazi hii hukijaribu kwa gesi ya kipimo inayojulikana kabla ya kukitegemea. Wachimbaji wa makaa ya mawe walijua somo hilo zamani. Tangu 1815, Humphry Davy alipowapa taa yake yenye wavu, walisoma gesi kwa kutazama ukubwa wa mwali wa buluu juu ya utambi, na taa yenye wavu uliotoboka ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa na taa. Wapo katika Nyanda zetu za Juu wazee waliofanya kazi katika mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1980, na hao hawahitaji kuhubiriwa juu ya hewa ya chini ya ardhi.

Narudi kwetu. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuachana na kuni na mkaa. Kabla na baada ya hapo viongozi wa ngazi mbalimbali, nami nikiwamo, tumegawa mitungi kwa mama lishe na kwa kaya. Nakumbuka hafla moja vizuri. Palikuwa na ngoma, palikuwa na vitenge, kila mama alipokea mtungi na jiko lake, akapigwa picha, tukapigiwa makofi, tukaondoka. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeeleza namna ya kufunga kirekebisha mgandamizo, au kwamba mpira wa gesi una umri wake na hauna budi kubadilishwa. Hatukubeba hata kipande cha sabuni. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka kiongozi asiwe mtu wa kutoa amri na kupenda makuu, na wazee wetu walioushika walikuwa na desturi ya kujikosoa mbele ya wanachama. Nami najikosoa mbele ya wasomaji: tuligawa mitungi kama watu wanaogawa khanga.

Wapo watakaosema makala hii inawatia watu hofu wakarudi kwenye mkaa. Nimeambiwa hivyo na mwenzangu mmoja katika kamati, tena kwa ukali. Sikubaliani naye. Moshi wa mkaa na kuni unaua pia, polepole na bila kelele, na misitu yetu inaisha kwa macho yetu. Lakini mwananchi aliyefichwa hatari ndiye atakayekimbia siku jirani yake atakapoungua. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 huko Embakasi, Nairobi, lori lililosheheni gesi lililipuka katikati ya makazi ya watu, likaua watu na kujeruhi mamia. Mahali pale palikuwa pamenyimwa kibali zaidi ya mara moja, na kazi iliendelea. Habari zile zilipotufikia, wapo akina mama hapa mtaani waliotoa mitungi yao nje wakailaza uani mwezi mzima. Walirudi jikoni baada ya kuelezwa. Kunyamaziwa kusingewarudisha.

Katika mkutano wa mtaa uliofuata tukio la jiko lile nilipendekeza kwamba kata yetu iwe na kigunduzi kimoja cha kushika mkononi, kinunuliwe kwa mchango, na kwamba kila shina lichague mtu mmoja wa kufundishwa kukitumia. Vile vidogo vya bei nafuu havizidi sana gharama ya kujaza mtungi mkubwa mara moja au mbili. Vile vya mafundi ni ghali zaidi, na vinahitaji kupelekwa kupimwa kila baada ya muda. Wauzaji wa mitungi walioko sokoni, ambao wanapata faida kwa kila mtungi unaojazwa, niliwaomba wachangie zaidi kuliko mama lishe. Wawili walikubali papo hapo. Wa tatu alisema atafikiri.

Ubishi mkubwa haukuwa juu ya fedha. Mzee mmoja, fundi baiskeli kwa miaka mingi, aliinuka akauliza, "Kifaa hicho kitalala wapi?" Mtu akajibu, ofisi ya kata. Mzee akasema ofisi ya kata hufungwa alasiri, na mama lishe hupika usiku. Mwingine akasema kikae kwa balozi. Mama mmoja nyuma akauliza balozi akisafiri kwenda Kilolo kuvuna, ufunguo ataachiwa nani, na betri atanunua nani. Tulibishana mpaka giza likaingia, na mwishowe ikaamuliwa kwamba mwaka wa kwanza kifaa kikae kwa yule mama ambaye jiko lake lilivuja, kwa kuwa nyumba yake haifungwi kabla ya saa tano za usiku na watu wote wanaijua. Alikubali kwa sharti moja, kwamba msaidizi wake awe wa kwanza kufundishwa.